Msalaba wa Shaba Shingoni: Tuliyorithi kutoka Kongo ya Kale

Masomo: Kutoka 31:1-11, Kutoka 32:1-4, 2 Wafalme 18:1-4, Ezekieli 13:17-20



Swali la karatasi hii limeletwa na wamama wanaotengeneza mapambo. Wanatunga mikufu na bangili za shanga, mbegu na waya wa shaba, wanaziuza sokoni hapa Mutwanga, na mwenye ndugu Beni au Butembo anamtumia chache akamuuzie huko. Baadhi yao walifika hapa wakikimbia vijiji vyao, bila jembe na bila shamba la kulima. Kazi hii ya mikono ndiyo inayonunua chumvi na kulipa masomo ya watoto. Siku hizi, ili kazi yao isifanane na mapambo ya plastiki yanayoletwa kwa magunia, wanatafuta maumbo katika sanaa ya zamani ya kanisa: msalaba wa Ethiopia wenye matundu kama kitambaa kilichodariziwa, na zaidi ya huo, msalaba wa shaba wa ufalme wa Kongo. Wanauona kwenye simu, wanauchora kwenye daftari, kisha wanaukunja kwa waya.

Basi kumekuwa na maneno. Wazee wengine wanasema hicho ni kitu cha Wakatoliki, na wengine wanaongeza kwamba ni hirizi iliyovishwa jina la Yesu. Upande wa pili wanajibu kwamba waya ni waya tu, waacheni watu wale. Sisi tunaona pande zote mbili zinaongea bila kujua umbo lile limetoka wapi, na limepitia nini kabla ya kufika kwenye daftari la mama wa Mutwanga. Hebu turudi nyuma kidogo, maana swali hili limeulizwa katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka mia tano.

Mwanzoni mwa miaka ya 1480 meli za Mreno Diogo Cão zilifika mahali ambapo mto Kongo unaingia baharini. Tarehe 3 Mei 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa akaitwa João. Mji wake mkuu ulikuwa Mbanza Kongo, ambao leo uko Angola, zaidi ya kilometa 1,800 kutoka hapa kwetu ukipima moja kwa moja kama ndege anavyoruka. Mfalme huyo baadaye alipoa katika imani. Mwanawe Mvemba a Nzinga, anayejulikana kwa jina la Afonso wa Kwanza, hakupoa. Alitawala hadi mwanzoni mwa miaka ya 1540. Alijenga makanisa, akafungua shule, akaharibu sanamu na vitu vya uganga katika mji wake, na mwanawe Henrique akafanywa askofu mwaka 1518. Afonso huyohuyo aliandika barua kwa mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilia kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kuwauza. Tukumbuke jambo hilo tunapotazama misalaba ya wakati ule. Njia iliyoleta misalaba ndiyo iliyochukua watu.

Misalaba ya kwanza ilitoka Ulaya. Lakini Wakongo walikuwa wahunzi tangu zamani, na mhunzi akiona kitu cha chuma hatulii mpaka ajue kimefanywaje. Haukupita muda mrefu wakaanza kuyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu, wakatoa misalaba yao wenyewe. Mingi ina mgongo bapa. Mingine ni mirefu kama mkono kuanzia kiwiko, ya kusimamishwa au kushikwa. Mingine ni midogo, yenye tundu au pete juu kwa ajili ya kupitisha kamba. Leo imo katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji na ya New York huko Marekani, na ndiyo hiyo inayoonekana kwenye simu za vijana wetu.

Ukiutazama vizuri unaona kwamba fundi hakuiga tu. Uso wa Yesu umekuwa uso wa Mkongo. Viganja vimetandazwa, vikubwa kuliko kawaida. Miguu imepandanishwa hata ikawa kama mmoja. Kitambaa cha kiunoni kimechorwa mistari. Na kuna jambo ambalo halikuwa la kawaida katika misalaba ya Ulaya: watu wadogo. Wako juu ya mikono ya msalaba, wengine chini kwenye mti wenyewe, wamekunja mikono mbele ya kifua kama watu wanaosali. Hawana majina. Wataalamu wamebishana kuhusu hao ni nani, wengine wakisema ni wenye kuomboleza, wengine ni jamaa waliokufa, wengine ni waumini. Wamama wetu walipoonyeshwa picha hiyo walisema mara moja: hao ni watu wa maombi ya usiku. Hatuna la kuongeza hapo.

Kwa Kikongo msalaba huo uliitwa nkangi kiditu. Kiditu ni Kristo. Neno la kwanza linatokana na kitendo cha kufunga, kukaza fundo. Na hapa ndipo penye shida yetu, wapendwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kabla ya Mreno yeyote kufika, Wakongo walikuwa tayari wanachora alama ya msalaba. Mstari mmoja ulitenganisha walio hai na wafu, mwingine ulikuwa njia ya kupita kati yao, na duara kuzunguka ilifuata mwendo wa jua. Mtu aliyeapa alisimama juu ya alama hiyo. Kwa hiyo msalaba wa kanisa ulipokuja, wengi waliupokea kwa haraka, maana jicho lilikwisha kuuzoea. Wengine walipokea Kristo. Wengine walipokea umbo na kuliweka mahali palepale pa zamani. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, maana wote wamevaa msalaba uleule.

Machifu waliushika nkangi kiditu siku ya kutawazwa. Uliletwa barazani kesi ilipokuwa nzito, watu wakaapa mbele yake. Wakubwa walizikwa na misalaba yao. Mwaka 1938 mahali paitwapo Ngongo Mbata, katika jimbo la Kongo Central la leo, palichimbwa mabomoko ya kanisa la mawe, na katika makaburi yake zikapatikana medali na misalaba ambayo watu hao walikuwa wamevaa. Hayo ni mapambo ya Wakristo wa Kongo waliokufa kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Hatuwezi kusema kwamba mapambo ya imani ni desturi iliyoletwa jana na vijana.

Lakini kadiri mapadre walivyopungua na ufalme ulivyovunjika, kitu kilibadilika kazi. Tarehe 29 Oktoba 1665 mfalme António wa Kwanza aliuawa katika vita vya Mbwila akipigana na Wareno, na baada yake wakubwa walipigania kiti kwa miaka mingi. Vijiji vilichomwa, watu waliuzwa, Mbanza Kongo ikaachwa magofu. Katika nchi ya namna hiyo mtu anatafuta kinga. Msalaba uliokuwa kumbukumbu ukawa kinga. Wawindaji walikuwa na misalaba ya mbao iliyoitwa santu, wakaitumia ili bunduki ipate nyama. Sanamu ndogo za mtakatifu Antonio zilivaliwa shingoni dhidi ya ugonjwa na hatari. Watu waliziita Toni Malau, maana yake Antonio wa bahati njema. Tumeziona picha zake. Ni kazi safi sana, mtu mdogo wa shaba mwenye mtoto mkononi, si mkubwa kuliko kidole. Fundi aliyemtengeneza alikuwa na kipawa. Aliyemvaa alikuwa na hofu.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana, Kimpa Vita, aliyeitwa kwa ubatizo Dona Beatriz, aliyezaliwa karibu mwaka 1684. Alisema Antonio amemwingia na anasema kwa kinywa chake. Aliwaita watu warudi Mbanza Kongo, wapatanishwe, waache vita. Alifundisha pia kwamba Yesu alizaliwa Kongo, na sisi tunaosoma Neno hatuwezi kupokea fundisho hilo. Lakini aliona jambo moja kwa macho makali: kwamba misalaba ya shaba ilikuwa inatumiwa sawasawa na vitu vya uganga, na akaamuru vyote viwili vitupwe motoni pamoja. Yeye mwenyewe alichomwa moto tarehe 2 Julai 1706, akiwa na umri wa miaka kama ishirini na miwili, kwa hukumu ya baraza la mfalme Pedro wa Nne, na mapadre wakiwa karibu. Ajabu ni hii. Yeye aliyetupa misalaba alidai kumbeba Antonio, na Antonio yuleyule ndiye aliyeendelea kuning'inia shingoni mwa watu kwa vizazi vilivyofuata. Kitu kimoja kilitupwa, kingine kikachukua kamba yake.

Wasomaji wetu wanaojua Biblia wamekwisha kumwona mfalme Hezekia hapa. Nyoka wa shaba hakutengenezwa na wachawi. Aliagizwa na Mungu mwenyewe jangwani, kwa mkono wa Musa, na aliyemtazama alipona. Baada ya mamia ya miaka Waisraeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Hezekia hakusema ni urithi, tumhifadhi. Alimvunja vipande, akamwita Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu. Wazee wetu wanaopinga mikufu wanasimama juu ya andiko hilo, na wanasimama vizuri.

Lakini wasome pia Kutoka 31. Mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema amejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi si mhubiri wala nabii. Ni Bezaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Sisi Wapentekoste tunaosema sana habari za kujazwa Roho, tunaruka sura hiyo upesi mno. Kifuko cha kifuani cha Haruni kilikuwa na vito kumi na viwili, kila kimoja na jina la kabila limechorwa juu yake. Hilo ni pambo, limetoka kwa fundi, na Mungu alitoa hata vipimo vyake.

Na tazameni hereni. Katika Kutoka 32 watu walivua hereni za dhahabu masikioni, wakampa Haruni, zikawa ndama. Katika Kutoka 35 watu walewale, waume kwa wake, walileta hereni na pete na vikuku kwa ajili ya hema ya Bwana. Dhahabu ya namna moja, iliyotoka Misri siku moja. Wanawake waliohudumu mlangoni pa hema walitoa hata vioo vyao vya shaba, Bezaleli akavifanya birika la kuoshea. Musa alisaga ndama akawa unga, lakini hakuwafukuza mafundi wa dhahabu. Tena aliwaita kazini.

Turudi karibu zaidi na nyumba yetu. Mwaka 1915 Mwingereza William Burton alifika Mwanza, huko Katanga, pamoja na James Salter, wakaanza kazi ya Kipentekoste ambayo matawi yake yanajulikana hadi leo katika nchi hii. Burton alihubiri wazi kwamba mtu aliyeokoka aachane na dawa na hirizi. Lakini alikuwa pia mchoraji na fundi wa mikono, na alikusanya vitu vya Waluba kwa ajili ya chuo kikuu cha Witwatersrand huko Afrika Kusini, akavipiga picha, akaandika kila kimoja kinaitwaje na kinatumiwaje. Kitabu chake juu ya dini ya Waluba kilitolewa Tervuren mwaka 1961. Baba huyu wa imani hakuogopa kutazama. Alitaka kujua kitu ni nini kabla ya kusema kifanywe nini. Tungependa wachungaji wetu wa Beni na Butembo wawe na subira hiyohiyo mbele ya meza ya mama anayeuza mikufu.

Kwa sababu si kila umbo la msalaba lina habari ileile. Wauzaji wengine wanaleta kutoka Lubumbashi vipande vya shaba vyenye umbo la X. Hiyo ni misalaba ya Katanga, na haina Kristo ndani yake wala haikuwahi kuwa naye: ilikuwa fedha. Imepatikana katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya mto Lualaba, ya miaka mamia kabla ya mmisionari yeyote, na mwaka 1960 mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga. Mtu anayeivaa amevaa pesa ya babu. Hata sisi wa Kivu tulikuwa na za kwetu. Vikuku vya butega, vilivyosukwa na Watembo kwa nyuzi za mimea, vilikuwa fedha kandokando ya ziwa Kivu katika karne ya 19.

Msalaba wa Ethiopia ni jambo lingine kabisa. Mfalme Ezana wa Aksum, katika karne ya 4, aliweka msalaba kwenye sarafu zake, miongoni mwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Huko mtoto akibatizwa anafungwa kamba shingoni, iitwayo mateb, na wengi huning'iniza msalaba juu yake. Mafundi wa fedha waliyeyusha sarafu za Austria zenye uso wa malkia Maria Theresa na tarehe ya 1780, wakazifanya misalaba. Uso wa malkia ukapotea katika moto. Kamba ile imewasaidia watu kutambuana katika nyakati za mateso, na hatuna ruhusa ya kuidharau. Lakini hata huko kuna wanaofunga shingoni maandishi ya kufukuza pepo ndani ya vifuko vya ngozi, bega kwa bega na msalaba.

Sasa tuseme juu ya Mutwanga bila kuzunguka. Mtu wa hapa anapopanda pikipiki kuelekea barabara ya Kasindi, moyo wake unajua kwa nini watu wa Kongo ya kale walitafuta Toni Malau. Tumezika watu wengi. Tumeona pia vijana waliofungwa vitu mikononi na shingoni, wakaambiwa risasi zitageuka maji, na tumeona walivyorudishwa. Ndiyo maana neno moja dogo sokoni linatusumbua kuliko umbo lolote la waya. Mteja anauliza: hii inalinda? Na muuzaji, ambaye tangu asubuhi hajauza kitu na nyumbani watoto hawajala, anajibu: ndiyo, imeombewa.

Ezekieli aliwakuta wanawake wa namna hiyo. Walishona vitu vya kufunga kwenye viungo vya mikono, wakawinda roho za watu, na malipo yao, anasema nabii, yalikuwa konzi za shayiri na vipande vya mkate. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na njaa. Nabii anawakemea vikali hata hivyo, na Bwana anasema atazirarua hirizi hizo mikononi mwao na kuwaachilia watu kama ndege.

Kwa hiyo tuliwaambia wamama: umbo la Kongo chukueni, ni la nchi yenu, na mikono iliyoligundua ilikuwa mikono kama yenu. Msiuze maombi pamoja na waya. Mteja akiuliza kama inalinda, jibu ni hapana, hata kama ataweka bangili chini na kwenda kwa mwingine. Na tuliwaambia wazee: mama aliyejibu hapana na kupoteza mteja, kanisa limnunulie. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unataka uzuri wa mwanamke uwe wa moyoni, na hatutaupunguza makali. Lakini mara nyingi andiko hilo linasomwa kwa sauti kubwa mbele ya mwanamke mwenye shanga za franka mia tano, na kwa sauti ndogo mbele ya mwenye mkufu wa dhahabu anayekaa viti vya mbele.

Kuna jambo la pembeni, lakini ni dhambi ya wazi. Waya wa shaba. Tangu umeme wa mto ulipofika Mutwanga mwaka 2013, shaba iko juu ya vichwa vyetu kwenye nguzo, na kuna watu wenye visu. Anayetaka kutengeneza msalaba anunue waya wa kibao cha zamani, mota iliyoungua, kebo iliyotupwa na mwenyewe. Waya unaouzwa usiku kwa bei ya huruma, auache.

Wamama wameamua jambo ambalo hatukuwashauri. Wameacha kumweka Yesu wa shaba katikati, kwa sababu baadhi yao wenyewe hawakuwa na amani moyoni, na hawakutaka kukwaza walio dhaifu. Wamechukua wale watu wadogo wa kwenye mikono ya msalaba. Mtu mmoja ni waya wa urefu wa kiganja: kichwa kinazungushwa mara mbili, mgongo unanyooshwa, mikono inakunjwa mbele na kubanwa kwa koleo. Wanamtundika peke yake kwenye uzi mweusi, au watatu watatu. Mama mmoja mzee, ambaye vidole vyake haviwezi tena kushika koleo, ndiye anayepima nyuzi.

Kazi hizo zitakuwa mezani uwanjani Jumapili baada ya ibada ya pili, karibu na mlango wa watoto. Bei imeandikwa kwenye karatasi, na chini ya bei wameandika wenyewe kwa kalamu: Hailindi. Ni pambo.